Jeli ya mapera: Tanga ilikuwa inakatika vizuri, Mbeya inagoma. Tatizo ni mapera, sukari au mlima?

#1 MamaMapera
Wakuu habari zenu. Naombeni msaada kwa wanaojua jeli za matunda, hasa zile za kukata vipande na kuviringisha kwenye sukari, watoto wanazipenda kuliko pipi. Nikiwa Tanga nilikuwa natengeneza ya mapera na kuuza. Nachemsha mapera na maji kidogo mpaka yalainike, nachuja kwa kitambaa, kikombe cha juisi kwa kikombe cha sukari, nakamulia ndimu, nachemsha mpaka themometa isome 105, namwaga kwenye trei. Ilikuwa inaganda safi, ukiigusa inatetemeka ukiikata inakatika. Sasa nimehamia Mbeya mjini, themometa ile ile, sufuria ile ile, kufika 105 ni kazi kweli kweli, inakuwa kahawia na ikipoa inanata menoni kama tofi. Ya nanasi ndio haikuganda kabisa, imebaki sharubati. Mapera ya huku yana shida gani? Na kuna njia gani rahisi ya kupata jeli za aina mbalimbali, laini, za kutafuna, za kuteleza, bila jeletini? Wateja wangu wengi ni Waislamu na wanauliza jeletini imetoka kwa mnyama gani, na mimi siwezi kuwajibu kitu nisichokijua.

#2 kijana_wa_soweto
Naweka kambi hapa. Ila dada picha ya jeli iko wapi?

#3 Fundi Boila
Mapera yako hayana kosa, ni mlima. Tanga uko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa 100. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu, maji yanachemka kwenye 94 hivi. Jeli inaiva ikipita joto la maji kuchemka kwa digrii 4 au 5, sio kwa namba 105 iliyoandikwa kwenye vitabu vya watu wa usawa wa bahari. Kwa hiyo huko kwako ni 98 au 99. Ukiilazimisha ifike 105 umeshafukuza maji karibu yote, hapo unapika pipi. Chemsha maji matupu, chomeka themometa, angalia inasoma ngapi, halafu ongeza 5. Mwisho wa maneno.

#4 Bibi Shamba
Fundi mwisho wa maneno tena mapema hivi? Mimi nimepika jamu Lushoto na kule pia ni mlimani na sijawahi kugusa themometa. Naweka kisahani kwenye friji, nadondoshea tone, nalisukuma kwa kidole, likikunja ngozi nimemaliza. Tatizo la huyu dada nadhani ni kuiva kwa mapera. Tanga alikuwa anaokota mtini kwake, Mbeya ananunua sokoni yameshalegea. Pera lililoiva sana ni tamu lakini haligandishi. Achanganye, mengi yawe yameanza tu kubadilika rangi na machache yaliyoiva kwa ajili ya harufu.

#5 Ticha Kemia
Wote wawili mna hoja. Kinachogandisha hapo ni pektini, imo kwenye kuta za chembechembe za mimea yote na kazi yake ni kuzishikamanisha. Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeitenga na kuipa jina mwaka 1825. Tunda bichi linakuwa na pektini iliyofungamana na haiyeyuki kwenye maji, ukichemsha na uchachu inaachia inaingia kwenye juisi. Tunda likiiva vimeng'enya vyake, yaani protini zake za kuvunjavunja vitu, vinaikatakata, ndio maana linalainika. Kwa hiyo Bibi Shamba yuko sahihi kuhusu kuiva.

Ila mwelewe pektini peke yake haigandi. Nyuzi zake zina chaji hasi na zinasukumana, tena zimezungukwa na maji. Uchachu unapunguza ile chaji, sukari inayavuta maji, ndipo nyuzi zinakaribiana na kushikana. Kwa pektini hii ya kawaida sukari iwe kama asilimia 60 mpaka 65 ya uzito wote, na uchachu wa kutosha, pH (kipimo cha uchachu) karibu na 3. Kimoja kikikosekana unapata sharubati. Dada tuambie ndimu za Tanga ulikuwa unakamua ngapi na za Mbeya ngapi?

#6 MamaMapera
Ahsante ticha. Ndimu huku bei imesimama, mara nyingine natumia limao, nusu tu. Fundi kesho nachemsha maji nione.

#7 Fundi Boila
Limao nusu sio sababu ya kunata menoni. Uchachu ukiwa mdogo jeli haigandi, haigeuki tofi. Narudia ni mlima.

#8 Dogo Nanasi
Kuhusu nanasi jibu ninalo. Nanasi lina kimeng'enya kinachoyeyusha jeli, papai nalo hivyo hivyo, ndio maana watu wanafungia nyama majani ya mpapai. Usihangaike, nanasi haligandi dunia nzima.

#9 Ticha Kemia
Dogo hapana, umechanganya. Vimeng'enya vya nanasi bichi na papai vinakata protini, na jeletini ni protini, ndio maana nanasi bichi linaharibu jeletini. Pektini ni jamii ya wanga, haviigusi. Halafu dada alishachemsha, na ukichemsha vimeng'enya vinakufa. Nanasi halikuganda kwa sababu lenyewe lina pektini kidogo sana. Ukiliongezea pektini linaganda vizuri tu, na hiyo ndio raha ya pektini kwa nchi yetu yenye mananasi mengi hivi.

#10 Shangazi wa Kizingo
Salaam kutoka Mombasa. Kama shida ni jeletini mbona kuna faluda? Sisi tunagandisha maziwa, sukari na iliki kwa aga-aga tangu zamani, ni ya mwani, halali tupu, haina haja ya themometa. Inakatika vipande vizuri na haiyeyuki juani kama jeletini. Na Zanzibar mwani wamejaa nao pwani nzima.

#11 Mpemba Halisi
Shangazi faluda yako naikubali, ila mwani unaolimwa Zanzibar, tena kwa biashara tangu 1989, sio wa aga-aga. Ni spinosamu na kotonii, hizo zinatoa karajinani, kigandishi kingine cha mwani. Kotonii inagandisha kitu kigumu chenye kukatika, spinosamu inagandisha kitu laini cha kunesanesa. Mama zetu wanaanika jua kali, unauzwa mkavu na mwingi unapelekwa nje, halafu unga wake tunanunua ukirudi. Inaniuma sana hii.

#12 Shangazi wa Kizingo
Ahsante kwa kunisahihisha mwanangu. Lakini faluda bado ni tamu.

#13 kijana_wa_soweto
Faluda ni tamu hakuna anayebisha, turudi kwenye mapera.

#14 Mgoa wa Upanga
Kwenye mapera nipo. Nyumbani sisi Wagoa, watu wa asili ya Goa kule India, tunapika peradi kila karibu na Krismasi. Hatuchuji juisi, tunatumia nyama yenyewe ya pera, inapitishwa kwenye chujio kutoa mbegu, sukari karibu uzito sawa, ndimu, halafu unakoroga tu moto mdogo mpaka donge linaachia kuta za sufuria na mwiko ukipita chini unaona sufuria kwa sekunde mbili tatu. Unamwaga kwenye sahani iliyopakwa siagi, ikipoa unakata. Hiyo ni nzito, ya kutafuna, tofauti kabisa na jeli ya juisi inayopitisha mwanga. Wabrazili nao wana goiabada, ni ndugu moja. Hii inavumilia mlima kwa sababu unaangalia donge, huangalii namba. Vaa kitu cha mikono mirefu, inaruka na inaunguza vibaya.

#15 Bibi Shamba
Hapo sasa tunaongea. Macho na mwiko.

#16 Mzee wa Minneapolis
Wadau, mnazungumzia pektini aina moja tu. Kuna mbili, kwenye pakiti utaona HM au LM. HM ndiyo hiyo ya sukari nyingi na uchachu. LM haihitaji sukari, inagandishwa na kalisiamu. Huku Marekani kuna inaitwa Pomona's, pakiti moja inakuja na unga wa kalisiamu pembeni, unakoroga maji ya kalisiamu kidogo unatia kwenye tunda. Mke wangu ana kisukari, nampikia jamu ya stroberi yenye sukari kidogo sana na inaganda. Ukizidisha kalisiamu inakuwa ngumu, inakatikakatika na kutoa maji, ukipunguza inakuwa rojo ya kupaka. Yaani aina ya ugandaji unaichagua mwenyewe. Tahadhari moja, sukari ikiwa kidogo jamu haikai nje muda mrefu, weka friji.

#17 Mama Abdul DSM
Mzee hiyo kalisiamu nitaitoa wapi Temeke? Chokaa ya tambuu inafaa?

#18 Ticha Kemia
Mama Abdul usitie chokaa ya tambuu tafadhali, ile ni kali, inaua uchachu wote na hujui usafi wake. Njia rahisi ya kalisiamu ni maziwa. Ukipata LM pika sharubati nzito ya tunda na hiyo pektini, iache ipoe kabisa, halafu kwenye kikombe changanya na maziwa baridi ya ng'ombe kiasi sawa, koroga haraka uache. Ndani ya dakika chache kikombe kimeganda laini, cha kula kwa kijiko, bila kurudi jikoni. Kalisiamu ya maziwa ndiyo imefanya kazi. Tui la nazi halitakupa matokeo hayo, kalisiamu yake ni ndogo.

#19 Mama Abdul DSM
Ya pasheni na maziwa! Mungu akubariki ticha.

#20 Dogo Nanasi
Swali la uchokozi, bamia nayo ina pektini? Maana ule utelezi...

#21 Ticha Kemia
Sio uchokozi, ni swali zuri. Ute wa bamia sehemu kubwa ni jamaa za pektini, ila matawi yake ni mengi, unavutika badala ya kuganda. Usiutie sukari ukitegemea jeli.

#22 Mama Lishe Kariakoo
Kama mnaongelea pektini basi na mimi niseme yangu. Maharage kugoma kuiva ni hiyo hiyo. Ukitia nyanya au ndimu mapema yanabaki magumu, ukitia magadi yanalainika haraka. Mwanangu anayesoma chuo ndiye alinieleza kuwa magadi yanayeyusha ile gundi na uchachu unaishikilia, na maji ya chumvichumvi ya kisima nayo yanaifanya ngumu kwa ajili ya kalisiamu. Sasa jiulizeni, maji ya Tanga na maji ya Mbeya ni sawa? Mnasema mlima mlima, hakuna aliyemuuliza dada anatumia maji gani.

#23 Fundi Boila
Mama Lishe hoja ya maji naiheshimu, ila hiyo ni kwa LM. Mapera yake ni HM.

#24 Ticha Kemia
Fundi, pektini ya tunda sio HM tupu siku zote. Tunda linavyoiva kuna kimeng'enya kinaisogeza taratibu kuelekea LM. Kwa hiyo mapera yaliyolegea pamoja na maji magumu yanaweza kukupa kitu tofauti. Siwezi kuifuta hoja ya Mama Lishe.

#25 Mwanadiaspora_Taipei
Hapo kwenye kimeng'enya nina kitu mtapenda. Huku Taiwan kuna jeli inaitwa aiyu, haipikwi kabisa. Ni mbegu za aina ya mtini unaotambaa, unazifunga kwenye kitambaa, unazikandakanda ndani ya maji ya baridi dakika kadhaa, ute unatoka, unaacha kidogo inaganda yenyewe mezani. Hakuna moto, hakuna sukari. Mbegu zina pektini na kimeng'enya chake pamoja, kimeng'enya kinaigeuza kuwa LM papo hapo na kalisiamu iliyomo kwenye maji inamalizia. Ndio maana ukitumia maji yaliyosafishwa madini yote haigandi, na mikono ikiwa na mafuta inagoma. Wanaila na ndimu na asali. Ni laini mno, ukiiweka mdomoni inapita yenyewe. Indonesia nao wanakanda majani mabichi kwenye maji, wanachuja, inaganda kijani, wanaita cincau.

#26 Dogo Nanasi
Majani gani hayo tukayatafute?

#27 Mwanadiaspora_Taipei
Ni mimea ya kutambaa. Thailand wanatumia Cissampelos pareira, na hiyo inaota Afrika Mashariki pia.

#28 Daktari wa Mimea
Naomba niingie hapo kabla watu hawajaingia porini. Ni kweli inaota kwetu, lakini ina alkaloidi, kemikali kali za mimea, hasa mizizini, na inatumika kama dawa. Tena ina ndugu zake wanaofanana nayo. Usichume jani la kutambaa usilolijua ukawapa watoto jeli. Mapera yapo, rosela ipo, pasheni ipo, vyote salama na vina pektini.

#29 Bibi Shamba
Rosela! Choya hii hii. Chemsha maua makavu, chuja, ina uchachu wake tayari na pektini yake, sukari tu, inaganda nyekundu ya kupendeza. Kwa nini watu wanaishia kunywa juisi tu sijui.

#30 Mama Abdul DSM
Na ubuyu? Una uchachu na ni mzito.

#31 Ticha Kemia
Ubuyu una pektini nyingi lakini haigandi sawasawa na sukari, inajikusanya mabongemabonge. Tumia ubuyu kuongeza uchachu kwenye tunda lingine. Ukwaju ni habari nyingine, mbegu zake zina wanga wa aina yake unaoganda na sukari hata bila uchachu, ila kuutoa jikoni ni kazi. Kwa nyumbani pektini rahisi ni maganda ya pasheni na sehemu nyeupe ya machungwa na malimao. Pasheni toa nyama, chemsha maganda mpaka ile sehemu ya ndani ilainike, kwangua kwa kijiko, tupa ngozi ngumu ya nje, saga. Changanya na juisi ya nanasi, hapo nanasi litaganda.

Na nyie mnaopenda kupima kabla ya kupoteza sukari, chukua kijiko kimoja cha juisi iliyopoa, tia vijiko vitatu vya spiriti ya duka la dawa, tikisa taratibu, subiri dakika. Ikijikusanya donge moja pektini ni nyingi, vikiwa vipande vipande ni kidogo. Mbali na moto, usionje, mwaga.

#32 Mpishi Hoteli
Nimesoma kimya ila naona dada aliomba za kutafuna na hakuna aliyempa vipimo. Hii tunaipika kazini. Nyama ya tunda iliyosagwa gramu 500, sukari gramu 550, glukosi gramu 100, pektini HM ya kuganda taratibu gramu 12, asidi ya sitriki gramu 7 umeiyeyusha kwenye maji kidogo. Pektini usiimwage peke yake, itafanya mabonge yasiyoyeyuka mpaka kiama, ichanganye kavu kavu na gramu 60 za hiyo sukari kwanza. Tunda likiwa vuguvugu nyunyiza huku unapiga na mchapo, lichemke, tia sukari iliyobaki kwa awamu usilipoze, kisha glukosi. Dar tunatoa kwenye 106 au 107, kwa Mbeya nakubaliana na Fundi, toa kwenye 100 au 101. Asidi inaingia MWISHO, koroga, mwaga kwenye trei hapo hapo kwa sababu inaanza kushika. Ukichelewa inagandia sufuriani na ukiimwaga inavunjika, haitakuwa nyororo tena. Ilaze mpaka kesho yake, kata, viringisha kwenye sukari. Ukiwahi kuviringisha sukari inalowana.

#33 MamaMapera
Jamani mmenipa utajiri. Nimechemsha maji, themometa inasoma 94, Fundi heshima yako. Nimepika ya mapera nikatoa kwenye 99, imeganda! Haina ukahawia, haishiki meno. Lakini asubuhi nimekuta maji yamezunguka jeli kwenye trei na pembeni imelegea. Hii Tanga sijawahi kuiona.

#34 Fundi Boila
Nilisema.

#35 Bibi Shamba
Ulisema nusu. Maji yanatoka kwa sababu mapera yamelegea.

#36 Mpishi Hoteli
Kutoa maji mara nyingi ni uchachu kuzidi, au trei ilitikiswa wakati inashika. Safari hii ndimu ngapi?

#37 MamaMapera
Limao zima kwa lita, maana ticha alisema uchachu. Trei nilihamisha kidogo kupisha chakula cha usiku.

#38 Mama Lishe Kariakoo
Na maji ni ya bomba au ya kisima?

#39 MamaMapera
Kisima mama.

#40 Mama Lishe Kariakoo
Ehee.

#41 Ticha Kemia
Jamani zote zinawezekana. Kuna na ya tano, kuchemsha muda mrefu pamoja na limao kunakata nyuzi za pektini, jeli inakuwa dhaifu na inaachia maji. Dada ulichemsha kiasi gani kwa wakati mmoja? Sufuria kubwa iliyojaa inachukua muda mrefu kupunguza maji. Pika kidogo kidogo kwenye sufuria pana.

#42 Mhasibu Mstaafu
Natoa njia isiyojali mlima wala themometa, ni mizani. Pima sufuria tupu. Ukitia kilo moja ya sukari, jeli ya kawaida inatakiwa imalizikie kilo moja na nusu mpaka moja na gramu 600, toa uzito wa sufuria. Ikizidi hapo chemsha tena, ikipungua umezidisha. Hapo sukari itakuwa kwenye ile asilimia 60 na kitu ya ticha, uwe Tanga uwe Njombe.

#43 Mpishi Hoteli
Hii ya mizani ni safi sana mzee, viwandani wanapima sukari kwa kifaa lakini wazo ni hilo hilo. Kwa za kutafuna ipungue zaidi ya hapo.

#44 Fundi Boila
Mizani nakubali. Ila mzee mizani haikuambii kama pektini ipo.

#45 Mgoa wa Upanga
Dada, hiyo yenye maji usiitupe. Irudishe kwenye sufuria na nyama ya mapera mengine, igeuze peradi. Limao usiongeze.

#46 MamaMapera
Hiyo naifanya leo jioni. Jumamosi napika tatu sambamba kwa mapera ya gunia moja: moja maji ya kisima, moja maji ya mvua, moja maji ya kisima ila mapera mabichi matupu. Limao sawa zote, nusu kwa lita, sufuria pana, kwa mizani ya mzee, na trei haiguswi mpaka asubuhi. Nitaweka picha kijana wa Soweto usilie.

#47 kijana_wa_soweto
Nipo Mbeya hapa hapa, naweza kuja kuonja kwa niaba ya wadau.

#48 Mama Lishe Kariakoo
Dada ongeza na ya nne, maji ya kisima uliyoyachemsha ukayaacha yatulie, umimine ya juu uache ile nyeupe ya chini.

#49 Fundi Boila
Na zote zitolewe kwenye 99.

#50 Bibi Shamba
Kwenye kisahani, Fundi. Kwenye kisahani.